Gitaa Nililolitukana Tunduma

Mimi nina hasira za karibu na mdomo usio na breki. Nasema mapema, asije mtu akanilaumu katikati ya habari. Ujanani, enzi za Mwingereza, watu wa kwetu Mbozi walikuwa wakinichukua twende mnadani nikawanunulie mbuzi, kwa kuwa nilijua kumsema mbuzi wa mtu mpaka mwenyewe anaona aibu kurudi naye nyumbani. Nilikuwa fundi seremala. Randa na msumeno nilifundishwa kwa wamisionari, na shamba la kahawa la baba lilikuwa limeanza kutuvika viatu. Nilijiona, sikatai.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa naposa. Binti mwenyewe alikuwa Mnamwanga wa upande wa Tunduma, aliyeletwa misheni kwetu kujifunza ushonaji, akawa anakaa kwa shangazi yake. Nilimwona kanisani, nikamwona tena kisimani, mara ya tatu sikungoja kumwona, nilimfuata. Nikaenda na banjo yangu niliyoiunda mwenyewe kwa debe la mafuta ya taa, nyuzi zake waya wa breki za baiskeli. Nikampigia nyimbo tatu. Alisikiliza zote kwa adabu, mikono kaifumbata, halafu akasema:

"Fundi, kuolewa na wewe nitakubali. Lakini siku ya harusi yangu sitoki nyumbani kwa mama nikisindikizwa na debe la mafuta ya taa. Tafuta gitaa la kweli. Lile kubwa la tumbo, kama wanayorudi nayo watu wa migodi ya shaba. Ukilikosa, kaa na debe lako."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikatazama vizuri nikaona kwamba huyu hatanii, na hapo ndipo nilipompenda kabisa. Nikamwahidi gitaa kana kwamba ninayo matatu darini.

Posa ikaenda. Mshenga alikuwa baba yangu mdogo, mtu wa maneno matamu na chai nyingi. Alipeleka jembe jipya kwa wazazi wa binti, likapokelewa, akarudi akitabasamu. Sasa lazima nieleze jambo moja. Kwetu, na kwao vilevile, jembe likishapokelewa, mwanamume na mama wa binti hawaonani tena. Hawasalimiani, hawapishani njia moja. Ukimwona mbele, unaiacha njia na kuingia porini. Mkigongana ghafla, unachuchumaa, unampa mgongo, unajifunika kichwa mpaka apite. Si chuki hiyo. Ni heshima, na asiyeishika hulipa. Huendelea hivyo mpaka ndoa ikomae, na mama mwenyewe aamue kuifungua.

Tazama basi nilivyonaswa. Kabla ya posa sikuwahi kufika kwao hata siku moja. Kwa hiyo huyo mama mkwe nilimheshimu kwa nguvu zote bila kuijua sura yake, wala yeye hakuijua yangu. Baba mdogo alipotaka kunieleza kwamba ni mama wa namna gani, nilimkatiza. Niliona hata kusikia habari za uso wake ni utovu wa adabu. Ndivyo nilivyokuwa mkwe hodari.

Nikaanza kulitafuta gitaa. Kwanza nilikwenda Saza, kwenye machimbo ya dhahabu, maana niliambiwa kuna mchimbaji analo na anataka kuliuza. Nilikanyaga baiskeli siku nzima. Lilikuwa kubwa kweli, jekundu, linang'aa kama kiatu cha karani, na mwenyewe alilishika kama ameshika mtoto. Nikaliinua hadi kwenye jicho, nikatazama kwa urefu wa shingo kama ninavyotazama ubao kabla ya kuupiga randa. Shingo ilikuwa imepinda, upinde ule ungeweza kurushia mishale. Nikanusa kwenye tundu: harufu ya rangi mbichi. Nikakwaruza kwa ukucha, chini ya rangi nikakuta nta, chini ya nta nikakuta ufa wa kupitisha kidole.

"Ndugu yangu," nikamwambia, "hili si gitaa. Hii ni maiti umeipaka poda."

Akanifukuza. Nilikuwa nimekwisha kupanda baiskeli.

Baada ya hapo nilipita kwa kila niliyeambiwa analo. Mmoja alikuwa na gitaa dogo la kuchezea watoto, mwingine alikuwa na shingo bila tumbo, na mmoja alikuwa na picha yake tu. Wiki zikaenda. Binti alikuwa amekwisha kurudi kwao, na kila mtu aliyetoka upande ule aliniletea salamu moja tu: "Anauliza, umelipata?" Nikaanza kukosa usingizi. Wengine wangesema mwanamke ni maneno tu, atasahau. Mimi nilimjua. Yule hakuwa msahaulifu.

Siku moja utingo wa lori lililosimama kwetu kupakia kahawa akaniambia kwamba siku ya soko, Tunduma, amemwona mama muuza mchele ameegemeza gitaa kubwa kwenye gunia. "Kubwa namna gani?" nikamuuliza. Akafungua mikono yake yote miwili. Soko lililofuata, alfajiri, nilikuwa njiani.

Tunduma ya wakati ule haikuwa mji. Ilikuwa barabara kuu, nyumba ya askari wa mpaka, maduka machache ya Wahindi na soko la chini, vumbi mpaka kwenye kope. Lakini ulikuwa ukiona kila kitu pale. Watu walikuwa wakishuka kutoka migodini na masanduku ya mbao, mablanketi, santuri, kofia za kila umbo, na akina mama wa ng'ambo ya mpaka wakivuka na samaki wakavu huku wakikusalimu kwa Kibemba, "Mwapoleni mukwai!" Nilipita katikati yao sitazami pembeni. Nilitafuta mchele.

Nikamwona. Mama wa makamo, mpana wa mabega, kitambaa chekundu kichwani, amekaa kwenye mkeka na madebe ya mchele wa Kamsamba mbele yake. Nyuma yake, kwenye gunia, ndilo hilo. Rangi ya asali, tumbo pana la kumpakata mtu mzima, uzi mmoja haupo. Moyo uliniruka. Nikaukemea ukae chini, nikapunguza mwendo, nikajifanya napita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mchele?"

"Mchele ninao. Hicho kilichoegemea gunia ni kitu gani?" Ukikitaka kitu sokoni, usikiite kwa jina lake.

"Macho huna? Gitaa hilo."

"Aa! Mimi nikadhani kinu kimegongwa na lori."

Akacheka, cheko la kifua kizima. Nikajua nimepata mtu. Akanieleza kwamba gitaa ni la mdogo wake wa kiume aliyerudi nalo kutoka migodi ya shaba. Sasa ameingia darasa la ubatizo kwa moyo wake wote, hataki tena mambo ya dansi, amelileta kwa dada yake na kumwambia aliondoe machoni pake. "Naliuza kwa bei ya haki," akasema, "na bei ya haki ni moja."

Nikalichukua. Nikatazama shingo: imenyooka kabisa. Nikanusa tundu: mbao kavu, hakuna ukungu, hakuna fukusi. Nikagonga tumbo kwa kidole, upande wa kulia likajibu vizuri, upande wa kushoto likajibu kwa kukwaruza. Nikajua palepale: kuna ubavu mmoja wa ndani, kile kijiti kinachokaza tumbo, umebanduka. Hiyo ni kazi ya gundi na uvumilivu. Vingine vyote vilikuwa vizima, na mbao yenyewe sijaona mpaka leo iliyochanwa vizuri namna ile. Nilitaka kulibusu mbele za watu. Badala yake nikakunja uso.

"Mama, kitu hiki kinaumwa. Sikia anavyokohoa."

"Wewe ndiye unamgonga mbavuni. Mimi nikikugonga hutakohoa?"

Watu wawili watatu wakasimama. Nikataja bei yangu. Akaniuliza kama nimekuja kununua gitaa au kuomba sadaka. Nikapanda kidogo. Akasema miguu yangu imechoka, nikae kidogo kisha nipande tena. Nikasema uzi mmoja haupo. Akasema kwenye shati langu vifungo viwili havipo na yeye hajanidharau. Watu wakaangua kicheko. Wakaongezeka, Wanamwanga, Wanyiha, watu wa ng'ambo waliokuwa wakitafsiriana ili asipitwe mtu. Sijawahi kushindwa mnadani maisha yangu, na sasa nilikuwa ninashindwa na muuza mchele mbele ya nchi mbili. Damu ikanipanda kichwani. Nikasema neno ambalo ningelitoa shamba la kahawa lote kulimeza tena.

"Mama," nikasema kwa sauti, ili na wa nyuma wasikie, "kama una binti nyumbani, na umemtunza kama ulivyolitunza gitaa hili, basi mimi namhurumia mkwe wako!"

"Eeeh!" watu wakasema.

Yule mama hakucheka tena. Akasimama. Akafunga upya kanga kiunoni, polepole, kama mtu mwenye nafasi.

"Mkwe wangu?" akasema. "Wewe ndiwe wa kulitaja neno mkwe wangu? Ninaye binti mmoja, amejifunza kushona misheni, na mkwe wangu ni fundi seremala wa Mbozi. Mtoto wa watu! Ana adabu, hata kivuli changu hakijui. Mshenga wake ameniapia kwamba kijana yule hajawahi kumpandishia mwanamke sauti. Si kama wewe, mdomo mlango wa kilabu cha pombe!"

Kwanza sikuelewa. Kisha nikaelewa kipande. Mafundi seremala Mbozi tulikuwa wawili, na mwenzangu alikuwa na wajukuu. Nilikuwa nimesimama hatua moja mbele ya mama mkwe wangu, namtazama machoni, nimeshika mali yake mkononi, nimemtukana yeye, nimemtukana mwanawe, na kwa ukamilifu wa upumbavu nimejitukana na mimi mwenyewe.

Mwili ulijua la kufanya kabla yangu. Nikaliweka gitaa chini taratibu. Nikachuchumaa, nikampa mgongo, nikavuta gunia tupu lililokuwa pale nikajifunika kichwa.

Soko likanyamaza. Hakuna mtu wa kwetu asiyejua maana ya mwanamume kuchuchumaa namna ile mbele ya mwanamke. Nikasikia pumzi ikivutwa nyuma yangu, kisha sauti ndogo kabisa, "Yesu wangu!" halafu debe la mchele likapinduka. Alikuwa amekimbia. Nami nikatimka, gunia kichwani, yeye kuelekea nyuma ya maduka ya Wahindi na mimi kuelekea mpaka. Gitaa likabaki peke yake kwenye mkeka.

Askari wa mpaka alinyoosha mkono. "Wewe! Unakwenda wapi?"

"Namkimbia mkwe!"

"Pita," akasema, na akanifungulia njia.

Nilikaa ng'ambo mpaka jua limeanza kushuka, kwa sababu baiskeli yangu ilikuwa karibu na mkeka wake, na yeye naye hakuweza kuurudia mkeka bila kuhakikishiwa kwamba nimetoweka. Mwishowe jirani yake, muuza chumvi, alichoka kutuhurumia, akaniletea baiskeli hadi mpakani. Machozi ya kicheko yalikuwa hayajamkauka. Nilirudi Mbozi nikilala njiani kwa watu, na kila kilima nilichopanda nilijiambia: mke umempoteza, mjinga wewe, na umempoteza kwa mdomo wako mwenyewe.

Baba mdogo nilimkuta anakunywa chai. Nikamweleza. Akaweka kikombe chini.

"Umesema unamhurumia nani?"

"Mkwe wake."

"Rudia."

Nikarudia. "Mimi nimemwapia yule mama kwamba wewe hupandishi sauti," akasema. "Nimeapa na chai yake mkononi." Lakini hakunitupa, Mungu amweke pema. Kesho yake alimfunga mbuzi wetu mnono akaondoka naye kwenda kuomba radhi. Nilibaki nikipiga randa ubao ambao haukuwa na kazi yoyote. Niliupiga randa mpaka ukaisha.

Alirudi siku ya nne. Hana mbuzi, na mgongoni amebeba kitu kikubwa kimefungwa kwa kanga. Nilikitambua umbo lake kabla hajakitua.

"Mbuzi amepokewa," akasema. "Huyo ni wa kosa la kuonana. Lakini matusi, mama amesema, hayalipwi kwa mbuzi. Sikiliza maneno yake, nimeagizwa nisipunguze hata moja. Anasema: huyo ni fundi, na mbele ya soko zima ameliita gitaa langu mgonjwa. Basi alitibu. Jumamosi ya pili kuanzia sasa alilete, akae nje ya ukuta wangu alipige, nami nilisikie nikiwa ndani. Likiimba, harusi ipo. Likikohoa, jembe lake liko darini, halijagusa udongo, aje alichukue aende nalo."

"Na binti?"

"Binti alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akalia."

"Akasema nini?"

"Akasema ujitahidi."

Nililibeba mpaka kwenye banda langu la useremala nikafunga mlango. Nikatoa nyuzi, nikaingiza kioo kidogo cha kunyolea ndani ya tundu, nikauona ubavu uliobanduka. Ncha moja ilikuwa inaning'inia. Mkono wangu haukuingia, kwa hiyo nilichukua unyoya mrefu wa kuku, nikauchovya kwenye gundi ya ngozi iliyochemka, nikapaka kwa kupapasa. Kisha nikachonga kijiti cha kuukandamiza ubavu kutoka ndani, kama mtu anavyoegemeza mti kwenye paa linalotaka kuanguka. Nikakaa nje. Nikarudi kutazama. Nikakaa tena. Fundi mwenye akili angeacha siku nne. Mimi niliacha moja. Sikuweza. Nikatoa kijiti, nikafunga nyuzi, nikakaza, na uzi wa tatu ulipofika mahali pake, mlio ukatoka ndani, pa! Ubavu ukaruka, na safari hii na ncha ya pili ikabanduka.

Nililia. Sioni haya kuandika. Nilikaa kwenye vumbi la mbao nikalia kama niliyefiwa, na zilikuwa zimebaki siku tisa.

Baba mdogo alinikuta hivyo. Hakunibembeleza. Aliniuliza kwa nini gundi haikushika, na nilipofungua mdomo kumlaumu muuza gundi, nikajisikia, nikaufunga. Nikatazama tena kwa kioo bila hasira. Mbao ya ndani ilikuwa na tabaka la moshi, moshi wa miaka ya vilabu vya dansi, na gundi yangu ilikuwa imeshika moshi, si mbao. Nikafunga wembe kwenye kijiti, nikakwangua siku nzima, mpaka niliponusa mbao yenyewe. Nikapaka upya. Nikaweka vijiti viwili badala ya kimoja. Halafu nikampa baba mdogo ufunguo wa banda.

"Hata nikikupigia magoti," nikamwambia, "usinipe kabla ya Alhamisi."

Nilimpigia magoti Jumanne. Hakunipa. Jumatano niliomba tu kuchungulia dirishani, akaniuliza kama nampenda yule binti au simpendi.

Alhamisi nilivuta vijiti kwa waya, nikagonga tumbo kwa kidole. Kulia likajibu. Kushoto likajibu vilevile. Uzi uliokosekana niliutoa kwenye debe langu, waya wa breki, nikaufunga mahali pake, nikakaza zote huku nimefumba macho. Hakuna kilichoruka. Nikapiga mara moja, na sauti iliyotoka ilijaza banda ikaendelea mpaka nje, na kuku wakanyamaza. Enyi watu! Nilitoka mbio nikamkumbatia baba mdogo na kikombe chake.

Jumamosi tulifika kwao asubuhi, jua limekwisha kupanda. Nilijifunika shuka kichwani kama inavyotakiwa, nikaongozwa kwa mkono hadi kwenye kigoda nje ya nyumba, mgongo wangu ukutani. Upande wa pili wa ukuta uleule, wakaninong'oneza, amekaa mama mkwe. Ua lilijaa, baba mdogo akinieleza sikioni nani na nani wamekuja. Nusu ya soko la Tunduma ilikuwa pale, hata muuza chumvi. Yule mdogo wake wa darasa la ubatizo alisimama mbali kabisa, kuonyesha kwamba mambo haya hayamhusu. Binti sikumwona, ila nilisikia akina mama wakimwambia atulie.

Nikasema moyoni, gitaa, wewe na mimi tumetukanana vya kutosha, leo tusaidiane. Nikapiga.

Nilianza polepole, wimbo wangu mwenyewe niliokuwa nikiupiga kwenye debe, lakini kwenye debe ulikuwa mifupa, na sasa ulivaa nyama. Nyuzi nene ziliingia ukutani. Niliusikia ukuta ukitetemeka mgongoni kwangu, na nikajua kwamba kama uko mgongoni kwangu basi na kwake uko. Nikaongeza. Mtu mmoja akapiga kofi, na wengine wakafuata. Nikaongeza tena, nikausahau mtihani, nikaisahau shuka, nikapiga kama mtu aliyefunguliwa kamba. Kwa chini ya shuka niliweza kuona miguu tu, na miguu ya yule mdogo wake, kule mbali, ilikuwa inacheza.

Nilipomaliza, nyuzi ziliendelea kuimba zenyewe kidogo, kisha kukawa kimya. Wote walingoja ukuta.

Sauti ikatoka ndani, ileile ya sokoni. Hakusema na mimi, maana hilo haliwezekani. Alisema na baba mdogo.

"Mshenga."

"Naam, mama."

"Kuna bwana mmoja nilikutana naye Tunduma, soko la mwezi jana. Alisema anamhurumia mkwe wangu. Hebu mwulizeni. Bado anamhurumia?"

Watu wakaanza kucheka, wakajizuia. Baba mdogo akanigeukia kwa heshima zote, kana kwamba mimi sikusikia, akanirudia swali lote tangu mwanzo. Mara hii mdomo wangu ulingoja.

"Mwambieni mama," nikasema, "yule bwana hamhurumii tena. Anamwonea wivu."

Baba mdogo hakupata nafasi ya kulifikisha. Kigelegele kilipasuka ndani ya nyumba, kirefu, cha kifua kizima, na ua lote likakipokea. Nikasikia binti akilia na kucheka pamoja. Na katikati ya kelele ile sauti ya ndani ikapaza: "Mwambieni pia gitaa siliuzi! Mwanangu hauziwi kitu na mama yake!"

Basi mimi, mnunuzi hodari wa Mbozi nzima, nilipewa bure kitu nilichokitukana mbele ya nchi mbili. Nililia chini ya shuka, na kwa bahati shuka ilikuwa nene.

Harusi tulifanya baada ya mavuno ya kahawa. Mke wangu alitoka kwao nikimpigia mwenyewe mbele ya watu wote, uzi mmoja wa waya wa breki na mingine ya dukani, naye hakuacha kutazama mikono yangu. Lakini siku niliyojua kwamba nimeshinda ilikuwa siku mbili baada ya ile ya ukutani. Baba mdogo alibaki kule kunywa chai, akarudi Jumatatu jioni na habari moja. Alfajiri ya siku hiyo alimwona mama akipanda darini, akalishusha jembe langu, akalitia mpini, akaenda nalo kulima maharage.